Jumanne saa nane usiku: sentensi anayoirekebisha Mkutubi

Saa tatu asubuhi Mkutubi anatoka chumbani kwake na kompyuta mkononi, waya wa chaja ukiburuzika nyuma, na kwenda kusimama mlango wa pili, kwa fundi cherehani.

"Jirani, nisikilize. Nikikuambia basi linaondoka Jumanne saa nane usiku, utafika stendi lini?"

Fundi haondoi mguu kwenye cherehani. "Jumanne hiyohiyo. Nikishafunga duka, nioge, nile, niende zangu nikasubiri."

"Limeshakuacha. Limeondoka usiku wa jana yake."

"Ah! Hilo basi lenu lina wazimu."

Mkutubi hacheki. Anarudi ndani, anafuta sentensi aliyoiandika, anaanza nyingine. Ni ya tano asubuhi hii.

Mkutubi ni jina la utani. Mwanamke huyu wa miaka arobaini na mitatu hajawahi kumwazima mtu kitabu. Kwa miaka kumi na moja ametunza sehemu ya maktaba ya lugha moja ya kompyuta, yaani zile kazi zilizokwisha kuandikwa ambazo mtengeneza programu yeyote huzichukua tu badala ya kuanza upya: kupanga majina, kujumlisha, kusoma saa. Penye hitilafu anarekebisha. Maelezo yakiwa na utata anayanyoosha. Alipowaambia majirani kwamba anafanya kazi ya maktaba, walimletea vitabu vya shule vilivyochanika. Alivibandika vyote, na jina nalo likamganda.

Mfuko mmoja wa ufadhili humlipa kwa siku tatu za wiki. Siku mbili nyingine anafundisha kuchapa katika chuo cha makatibu. Ukijumlisha vyote, hafikii mshahara wa mwalimu wa shule ya msingi, na foleni yake ya taarifa za hitilafu leo ina 214.

"Hakuna anayekujua mpaka kitu kiharibike," anasema. "Kikiharibika, wanakujua kwa matusi."

Miaka sita iliyopita aliandika kipande cha msimbo, yaani maagizo ya kompyuta, kinachogeuza saa ya kompyuta kuwa maneno ya Kiswahili. Kwa kompyuta, siku mpya huanza saa sita usiku. Kwa hiyo usiku unaofuata Jumatatu, ikishapita saa sita, yenyewe inahesabu Jumanne. Kipande kikaandika hivyohivyo: Jumanne saa nane usiku. Watu wazima wenye akili zao wakiyasoma maneno hayo, wanaelewa kama fundi cherehani.

Wa kwanza kulalamika alikuwa mkata tiketi wa mabasi. Aliandika kwamba abiria wake wanafika usiku wa pili, kisha wanamtukana yeye. Mkutubi alitumia dakika mbili kumjibu na kuifunga taarifa ile: "Msimbo uko sahihi. Siku huanza saa sita usiku. Tatizo ni la msomaji."

"Nilikuwa na taarifa tisini siku ile," anasema, kisha anajirudi. "Hapana, usiandike hivyo. Kilikuwa kiburi."

Miezi tisa ikapita. Mama yake, mgonjwa wa mapafu, alikuwa akiishi kwa dada mkubwa wa Mkutubi na kupumua kwa msaada wa mashine ya oksijeni inayotumia umeme. Ijumaa moja dada huyo alipata ujumbe kutoka kampuni ya umeme: umeme utakatwa Jumanne saa nane usiku, kwa saa tano. Hakuzembea. Alikodi mtungi wa oksijeni, uletwe Jumanne asubuhi, na akampigia simu mdogo wake kumjulisha.

"Nikamwambia, 'Sawa, Dada, umefanya vizuri.' Mimi niliyeyaandika maneno yale niliyaelewa kama yeye."

Umeme ulikatwa usiku wa kuamkia Jumanne. Mtungi ulifika saa mbili asubuhi, majirani wakiwa wanapanga viti vya msiba.

Siku ya tatu baada ya mazishi, dada yake alimwonyesha ujumbe ule kwenye simu. Mkutubi aliutambua mpangilio wake palepale. Alimpigia mhandisi wa kampuni ile, naye akamthibitishia: programu yao inachukua maneno ya saa kutoka kwenye ile maktaba.

Kurekebisha kulimchukua chini ya saa moja. Sasa kipande kitaandika "usiku wa kuamkia Jumanne". Kulipitisha badiliko hilo kumechukua miezi saba. Wasimamizi wenzake wa maktaba hiyo walihofia kwamba programu zinazotegemea maneno ya zamani zingevunjika.

"Zivunjike," aliwajibu.

Wiki iliyopita walikubali. Lakini toleo jipya litawafaa wale tu watakaolisakinisha, na wengi hawajishughulishi mpaka yawakute. Ndiyo maana asubuhi hii anahangaika na sentensi ya onyo la kuwekwa kwenye maelezo ya matoleo ya zamani. Jibu lake kwa mkata tiketi bado liko kwenye ukurasa wa taarifa za hitilafu, wazi kwa kila mtu. Angeweza kulifuta. Ameliacha, na chini yake ameomba radhi.

Yupo msomaji mmoja ambaye hajui lolote kati ya haya. Dada mtu anaamini alipewa taarifa siku nne kabla, akakosea kuisoma siku. Tangu msiba hasomi ujumbe wowote peke yake. Hata wa mkutano wa wazazi shuleni huupeleka kwa jirani asomewe. Mbele ya ukoo mzima alisema, "Mama nimemuua mimi." Mkutubi alikuwa amekaa pembeni yake, na hakufungua mdomo.

"Miezi minane namwangalia anavyokonda," anasema. "Nami nakwenda kwake, nakunywa chai yake, naaga, naondoka."

Mwandishi wa makala haya alimuuliza kama angependa sehemu hii iondolewe. Yeye akauliza gazeti linatoka lini.

"Jumapili."

"Jumapili asubuhi?"

"Asubuhi."

"Basi nitakwenda kwake Jumamosi, mchana kweupe. Akinifukuza, nitarudi jioni. Sitamwomba hata msamaha, maana sijui kama upo wa kunipa. Nataka tu anisikie nikimwambia: Dada, ulisoma vizuri."