Mwenye Upawa Hula Mwisho

Kufikia mwaka huu Nicasia Ttito alikuwa akitutambua kwa kofia. Kofia nyeupe ndefu, huyo ni mke wa mwenyekiti. Kofia ya kahawia iliyolegea ukingo kama sikio la mbwa, huyo ni Plácido mwenye baghala. Kofia yangu hakuihitaji. "Nikisikia mtu anagomba mtoni kabla barafu haijayeyuka," alisema, "najua komadre wangu ameamka." Ni komadre wangu kwa sababu ndiye aliyemkata mwanangu wa kwanza nywele za utotoni, na huku kijijini Chilkapata aliyemkata mwanao nywele ni nduguyo hadi mmoja amzike mwenzake.

Habari ya kofia niliijua mimi peke yangu. Aliniambia tukifua, bila kuinua kichwa.

"Leoncia, sioni tena. Ni kama natazama kupitia uji wa shayiri. Usimwambie mtu."

Nikamwambia simwambii mtu. Siku hiyo nilisema kweli.

Nicasia alikuwa mhudumu wa afya wa kijiji kwa miaka ishirini na tatu, na kazi hiyo hakuipata kwa kujuana na mtu. Alizika watoto wawili katika wiki moja, wote kwa kuhara. Aliposikia zahanati ya bondeni inatafuta mtu wa kufundishwa, alifunga viazi kwenye shuka ya mgongoni, akateremka kwa miguu kutwa nzima. Alijifunza kuchoma sindano kwenye viazi vilevile vyake. Jioni akavipika. "Mimi ndiye mtu pekee aliyekula chanjo kwa chumvi," husema hivyo mpaka leo.

Kila Agosti, njia zikiwa kavu, madaktari wa kujitolea hupanda huku kutoka mjini, wengine kutoka nchi za mbali kabisa. Hukaa siku tatu. Hufika wakihema kama kondoo aliyekamatwa kunyolewa, tunawapa chai ya majani ya koka, wanalala, na kesho yake wanafanya kazi mpaka vidole vinakufa ganzi. Ni watu wema, sina neno juu yao. Ila zile siku zao tatu zina miezi miwili ya miguu ya Nicasia ndani yake. Nani apite nyumba kwa nyumba kwenye matuta matatu ya mlima kuandika wagonjwa? Nicasia. Nani ambembeleze Plácido atoe baghala wa kubebea jenereta? Nani asimamie shule isuguliwe mara tatu kwa klorini, madirisha yazibwe kwa nailoni, simbilisi wanenepeshwe kwa ajili ya mchuzi wa wageni? Madaktari wakishaondoka wanapunga mikono, watu wanalia, na Nicasia anabaki kuokota vipande vya pamba uwanjani. Mwaka unaofuata, yaleyale. Hata mimi niliyekuwa nikimtazama tu nilichoka.

Na sasa niseme jambo ambalo ndilo lililoniudhi. Huku kwetu mwenye upawa hula mwisho. Mama anayepakua hupakulia wageni, kisha wazee, kisha wanaume, kisha watoto, na chungu kikiisha kabla hajajifikia, anakwangua ukoko na kunyamaza. Hakuna anayeona ubaya, na mimi sijawahi kuuona, kwenye chungu. Nicasia aliuchukua upawa akaupeleka kwenye orodha. Kila mwaka jina lake aliliweka mwisho. Mwaka wa madaktari wa meno, daktari alifika mtu wa sitini jua likazama. Nicasia alikuwa wa sitini na moja. Jino lake bovu aliling'oa mwenyewe kwa koleo la Plácido la kung'olea misumari ya kwato. Miaka minne iliyopita walikuja wa macho. Lenzi za kupandikiza jichoni ziliisha watu wawili kabla yake, na wakati huo alikuwa bado anaona nusu.

Mwaka huu, mwezi wa Julai, nesi Yovana alipanda kutoka zahanati, pua nyekundu kwa upepo.

"Mama Nicasia, wanakuja wa macho," akasema. "Watapasua watu kumi, siyo kumi na moja. Jumapili baraza liipitishe orodha, Jumatatu nateremka nayo. Ikishafika mjini haibadiliki."

"Na baada ya hapo?" nikauliza mimi.

"Baada ya hapo, mama, labda miaka minne mingine. Labda mitano."

Nilimtazama Nicasia. Alikuwa anamtazama nesi, yaani anaitazama sauti ya nesi.

Tulipita nyumba zote pamoja, yeye ameshika ncha ya shuka yangu kama bibi harusi, na kwa kila aliyetuuliza alijibu kwamba goti linamsumbua. Mimi niliishia darasa la sita lakini mwandiko wangu unasomeka, kwa hiyo niliandika na yeye akasema. Siku nne. Upepo wa Julai ukitoka kwenye barafu unaingia kwa mlango wa sikio na kutokea kwenye meno. Usiku magoti yangu yalikuwa yanazungumza yenyewe.

Wasioona tuliwapata kumi na watatu, naye akiwemo. Nicasia akawapanga: kwanza mwenye watoto wadogo, kisha anayechunga peke yake, kisha mfumaji. Wa kumi akamweka Mama Encarnación, mwenye umri wa miaka themanini na nane, ambaye tulimkuta amekaa juani akimenya viazi kwa kupapasa.

"Mama, madaktari watakurudishia macho," Nicasia akamwambia.

"Ya nini?" akasema bibi kizee. "Nimeshaona vya kutosha, mwanangu, na vingi havikunipendeza. Mpeni mwingine."

"Nakuandika hivyo hivyo."

"Andika. Karatasi ni yako."

Tulipokuwa tunarudi nikamuuliza, "Wa kumi na tatu nani?"

"Mimi."

"Na lenzi ngapi?"

"Kumi."

"Basi hilo si jina la orodha, ni jina la kaburi."

"Nimeshika upawa, Leoncia." Alisimama njiani ili kupumua. "Nikijipakulia kwanza, mwakani nani atanifungulia mlango? Watasema Nicasia anazunguka kwa ajili ya macho yake."

"Umezunguka miaka ishirini na tatu kwa ajili ya macho ya nani?"

"Usinigombeze. Nimechoka."

Na kweli alikuwa amechoka. Sikuwahi kumsikia akilisema neno hilo. Tulitembea mpaka nyumbani, naye akajikwaa mara tatu kwenye njia ambayo ameipita maisha yake yote.

Ningeweza kumwandika wa kwanza bila yeye kujua, maana kuona haoni. Lakini orodha husomwa barazani kwa sauti, na masikio ya Nicasia ni mazima. Angesimama na kujifuta mbele ya watu wote, na watu wangempenda zaidi, na angerudi nyumbani akipapasa ukuta. Nililifikiria jambo hilo siku mbili nikipura shayiri. Nikaona njia ni moja tu, na ni mbaya.

Jumapili watu walikaa uwanja wa shule, wanawake chini, wanaume kwenye ukuta, majani ya koka yakipita mkono kwa mkono. Mwenyekiti akasema Mama Nicasia atasoma orodha kama kawaida. Nicasia alikuwa ameikariri, najua, nilimsikia akiirudia kwa alpaka zake zizini.

"Nina neno," nikasema.

"Leoncia ana neno," mwenyekiti akawaambia watu. "Kalini vizuri."

Wakacheka. Niliwaacha wacheke kwanza. Kisha nikaenda nikaichukua karatasi mkononi mwa Nicasia, nikaigeuza, nikamrudishia.

"Soma, komadre."

Akaishika mbele ya uso wake, akaanza kusema majina, vizuri kabisa, moja baada ya jingine. Karatasi ilikuwa kichwa chini. Watu wa mbele waliona. Kicheko kilikufa kuanzia mbele kwenda nyuma.

"Huyu haoni," nikasema. "Haoni tangu mwaka juzi. Plácido, zile dawa za presha alizokupa wakati wa kuvuna viazi, zilikufanya nini?"

Plácido akavua kofia. "Zilinifaa sana."

"Zilikufaa vipi?"

"Nilitoa mnyoo mrefu kama hatamu. Nikasema kumbe presha ndiyo hii."

Wengine walishindwa kujizuia, wakacheka tena. Nicasia hakucheka. Alikuwa amegeuza uso kuelekea kwangu, na ninaapa siku ile aliniona.

"Leo ni minyoo," nikaendelea, na sauti yangu nikaifanya ngumu kama ninavyoifanya na wafanyabiashara wa sufu. "Kesho atampa mtoto dawa ya kuogeshea kondoo. Nataka avuliwe begi la dawa. Anayekubali anyooshe mkono."

Ilichukua muda. Mkono wa kwanza ulikuwa wa Mama Encarnación, ambaye hata hakujua ni wangapi wameunyoosha. Kisha mmoja, kisha mwingine. Nicasia alisikia nguo zikichakarika, akaelewa. Akatoa begi la ngozi begani, lile ambalo limemla bega mpaka likashuka upande mmoja, akaliweka chini. Hakunipa mimi. Aliliweka chini.

"Sasa nani alibebe?" mwenyekiti akauliza.

Watu wote wakawa na jambo la kutazama kwenye viatu vyao. Matuta matatu ya mlima, miezi miwili kila mwaka, na asante kutoka kwa watu wanaokunja uso wakichomwa sindano.

"Aliyemvua ndiye avae," akasema Plácido.

Nikaliokota. Lilikuwa zito kuliko nilivyodhani, na ndani mlikuwa na kiazi kimoja kilichokauka, sijui cha mwaka gani.

"Haya. Upawa ninao mimi," nikasema. "Na Nicasia Ttito hana kazi tena kijijini, ni mgonjwa kama wagonjwa wengine. Namwandika wa kwanza."

"Kumi wameshatimia," akasema mwenyekiti.

"Nifuteni mimi," Mama Encarnación akasema. "Nilishasema mwanzo, watu hamsikii. Labda hao madaktari wangeleta na masikio."

Nicasia alisimama, akakung'uta sketi, akaondoka akihesabu hatua. Nesi alitaka kumfuata, nikamshika mkono. Jumatatu orodha ikateremka.

Hakusema nami siku ishirini na sita. Nilizihesabu. Nilimpitia asubuhi, mlango umefungwa. Nikimsalimia mtoni anafua nguo kama mtu anayenyonga kuku. Sikumlaumu. Nilikuwa nimemtangazia siri yake mbele ya watu mia na hamsini, na sehemu ya minyoo haikuwa lazima. Na wakati huohuo nilikuwa napanda na kushuka. Mlango wa tatu unanuka moshi, wa nne una mbwa, wa tano wanataka kujua kwa nini jina la mjomba wao halimo. Plácido alisema baghala wake wana mafua. Shule niliisugua mara tatu na mikono ikachubuka kwa klorini. Jioni nilivua viatu na kuiangalia miguu yangu, nikaona ni ya Nicasia.

Ikafika siku ya madaktari kuwasili. Desturi ni kwamba wagonjwa wa orodha wanakusanyika tangu asubuhi, wanakaa kwenye benchi la uwanjani, wanakula pamoja wakisubiri. Nilipika mchuzi kwenye chungu kile kikubwa cha sikukuu. Wakaja mmoja mmoja, wakiongozwa. Nilihesabu tisa.

Nilikoroga. Nikahesabu tena, tisa. Mwenyekiti akaniambia chakula kinapoa. Nikamwambia chakula changu kinapoa ninapotaka mimi.

Nilikuwa nimeshakata tamaa nilipoiona kofia yake ikipanda njia, polepole, mkono mmoja kwenye ukuta wa mawe. Hakumruhusu mtu amshike. Alifika kwenye benchi, akapapasa mpaka mwisho kabisa, baada ya mtu wa tisa, kule ambako upawa hufika chungu kikiwa kitupu, akakaa.

Basi nikachota bakuli la kwanza, na nyama ya simbilisi juu yake, nikapita mbele ya wale tisa wote, nikaanza kupakua kutokea mwisho.

Nikamwekea mikononi. Huku kwetu hakuna anayetia kijiko mdomoni kabla ya aliyepakuliwa kwanza. Watu tisa walikaa na njaa yao wakisikiliza. Nicasia alilishika bakuli muda mrefu, mvuke ukimpanda usoni. Ningesema analia, lakini upepo wa Agosti humliza kila mtu.

Kisha akala.

"Viazi havijaiva," akasema.

"Maji ya huku juu mlimani yanachemka upesi na hayaivishi kitu. Unajua."

"Mimi nilikuwa naviloweka tangu juzi yake." Akatafuna. "Madirisha umeziba?"

"Nimeziba."

"Lile la upande wa mto?"

"Nalo."

"Lina ufa chini ya fremu. Vumbi litaingia kwenye macho ya watu."

Kengele za baghala zilianza kusikika chini kwenye kona, yeye akazisikia kabla yetu sote, akageuza kichwa. Nilipakulia wale tisa, nikampakulia mwenyekiti, nikampakulia Plácido aliyefika mbele ya mzigo akidai anakufa kwa njaa. Kisha nikaenda kutazama dirisha la upande wa mto. Ufa ulikuwepo, kidole kinaingia. Niliuziba kwa nailoni na udongo, nikarudi kwenye chungu, nikainama na kuanza kukwangua.