Kanda Mbili za Kumbukumbu

Niliacha shule mama alipomfuata baba kaburini, nikawalea wadogo zangu. Kutengeneza kompyuta nilijifunza kwa kufungua zile mbovu zilizotupwa na hoteli za Diani. Moja kati ya hizo, kuukuu, yenye kumbukumbu kidogo, nilimpa mdogo wangu wa mwisho, ambaye haoni. Ilimsomea masomo yake kwa sauti. Mtihani wake ulikuwa umebakiza wiki mbili, naye hakuwa na njia nyingine ya kujiandaa.

Lakini ilikuwa ikikwama katikati ya sentensi.

"Dada, msomaji wako ana kwikwi," aliniambia.

Kumbukumbu haikutosha, nami nilikuwa nimekwisha kuondoa kila programu isiyo ya lazima. Kilichobaki kupunguzwa ni kiini cha mfumo, kile kinachozigawia programu nyingine kumbukumbu. Kiini huigawa kumbukumbu katika kanda. Ukanda wa juu ni wa mashine zenye kumbukumbu nyingi. Kwetu ulikuwa mtupu, kiini kinabeba mahesabu yake bure. Ukanda wa chini umetengewa vifaa vya kizamani, nami nikadhani hatuna hata kimoja.

Kawaida yangu ni kubadili kitu kimoja, nikakijaribu, ndipo niguse kingine. Siku hiyo nilikuwa na haraka. Niliziondoa kanda zote mbili kwa pamoja, nikakijenga kiini upya dukani kwangu Kombani kuanzia asubuhi hadi alasiri, kisha nikakipeleka nyumbani na kukiweka kwenye mashine yake.

Mashine iliwaka upesi. Mdogo wangu akabonyeza, akangoja.

"Umemtibu kwikwi kwa kumkata ulimi," akasema.

Nilicheka. Nikasoma mstari kwa mstari taarifa ambazo mashine huziandika inapowaka. Kadi ya sauti haikutajwa popote. Kumbe nayo ni ya kizamani, inautegemea ukanda ule wa chini. Kesho yake nilifunga duka, nikaurudisha wa chini, wa juu nikauacha nje, nikaanza ujenzi upya.

Jioni ile sauti ilirudi. Alisikiliza ukurasa mzima wa historia, kichwa kakiinamisha.

"Amekwama mara moja tu."

"Nipe kesho nipunguze tena."

"Na mimi nisome lini? Niachie mashine yangu, dada."

Nikaingiza bisibisi mfukoni, nikamwachia.