Kahawa Niliyompelekea Kokugonza

Nshamba nzima hakuna aliyejua kumjulia hali mgonjwa kama Kokugonza. Ukiugua, majirani wako hawajasikia bado, yeye amekwisha fika na chane ya ndizi kichwani, anazungumza tangu njiani. Hakukaa kitandani pa mgonjwa. Alifagia, akachota maji, kisha akasimulia habari za watu mpaka mgonjwa akacheka huku ameshika mbavu. Hakuuliza kitu. Alisema mgonjwa haulizwi maswali, ana kazi ya kutosha. Hayo ni yake na siwezi kumnyang'anya, ingawa yeye alininyang'anya mengi.

Alikuwa wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu Selestine. Mume wangu alikuwa akinunua dagaa kisiwani Goziba na kuwauza huku juu. Safari moja akarudi tumbo limevimba, na hakuinuka tena. Kokugonza alikuja kila siku. Mimi nilipika, yeye alimlisha, na usiku tulipokezana kumgeuza. Nilimwona kama mama yangu.

Tulipomaliza kuzika, mbele ya ukoo uliokusanyika, akasimama akasema kaka yake alilishwa kitu, na aliyempikia anajulikana. Hakuna aliyedai ushahidi. Kibanja chetu kilikuwa na migomba mizuri na kahawa iliyozaa, na mimi sikuwa na mtoto wa kiume. Lwakatare, mtoto wa kwanza wa Kokugonza, akahamia humo. Mimi nikatoka na sufuria na mkeka.

Kazi yangu ilikuwa kahawa ya kutafuna, ile tunayoiita akamwani. Unachuma buni mbichi, unachemsha na majani yenye harufu, unakausha, unafunga kwenye jani kavu la mgomba. Kwetu anayekupa kahawa hutafuna punje ya kwanza yeye mwenyewe, ukimwona, ndipo wewe unapokea. Baada ya maneno yale, Nshamba hakuna aliyenunua kwangu. Nikahamia Kamachumu, nikapanga chumba. Maneno yakanifuata huko pia. Wateja walinisimamisha gulioni wakicheka: "Mama, tafuna na ya pili. Hiyo ya kwanza labda umeizoea." Nikatafuna ya pili. Siku nyingine nilirudi nyumbani moyo unanidunda kwa kahawa, silali.

Miaka yote hiyo nilijiuliza jambo moja. Kokugonza aliamini alichosema, au alikitaka kibanja? Kama uchungu wa kufiwa ndio ulimpotosha, ningeweza kumsamehe. Nami nilifiwa, najua uchungu unavyomgeuza mtu. Nilijifunika wazo hilo kama blanketi.

Mwaka huu Elina, mwenzangu wa usharika, akaja kuniambia kwamba Kokugonza amelazwa Bukoba, ugonjwa wa koo, na hali si nzuri. Kina mama walikuwa wanakwenda kumwona. Akauliza kama nina salamu. Nikamwambia ampe pole. Elina hakuondoka.

"Pole tupu, Joviana? Yule hakuwahi kwenda kwa mgonjwa mikono mitupu."

Nikafunga kahawa, nikampa.

Jioni akanirudishia ikiwa imefungwa vilevile. Lwakatare alikuwa amemzuia, akatangaza wodini ilikotoka, na watu wakageuka kutazama. Lakini mama yake, kwa sauti iliyobaki mkwaruzo tu, alimwambia Elina maneno ya kuniletea: kahawa haitumwi, mwenyewe aje nayo.

Nilidhani ananidhihaki. Nikaenda.

Kile kifua chake kikubwa cha zamani kilikuwa kimeisha, shuka liko bapa kama hakuna mtu chini yake. Wanawake wawili wa ukoo walikaa mkekani. Lwakatare alisimama upande wa kichwani, hakunisalimu.

"Pole, wifi," nikasema.

"Umechelewa. Mimi ningekuja siku ya kwanza."

"Wewe hukuwahi kufukuzwa."

Wale wanawake wakainamisha macho. Kokugonza alitaka kucheka, ikatoka kikohozi. Nikamfuta mdomo, nikafungua jani, nikamimina kahawa kiganjani. Nilikuwa natafuta punje yangu ya kutafuna, niichague mbele yao wote waione vizuri, mara mkono wake ukatoka kwenye shuka, ukachukua punje kiganjani mwangu, ukaipeleka mdomoni.

"Mama!" Lwakatare alisema.

"Sijatafuna bado," nikamwambia Kokugonza.

"Najua," akasema, akafumba macho, akaimung'unya. Meno hayakuwa na nguvu.

Mwanamke mmoja mkekani akamtazama mwenzake, na nikaelewa kwamba habari hii itafika Nshamba kabla mimi sijafika Kamachumu. Jina langu lilikuwa limesafishwa pale. Ningepaswa kufurahi. Lakini mtu anayekuogopa hafungui kinywa hivyo. Hakuwahi kuniogopa. Hata siku ile aliposimama mbele ya ukoo, alijua. Blanketi langu likaniondoka, na baridi niliyoisikia ninayo mpaka leo.

Nilitaka kumuuliza: kwa nini? Nikamtazama anavyohangaika na punje moja ya kahawa, jasho linamtoka usoni. Mgonjwa haulizwi maswali. Alinifundisha mwenyewe, tulipokuwa tukimuuguza Selestine.

"Ugua pole, wifi," nikasema. "Upone."

Nilimaanisha. Nilitaka apone kuliko alivyotaka mtoto wake, asimame kwa miguu yake mlangoni pangu, nimuulize.

Alizikwa Nshamba, kwenye kibanja kile, karibu na kaka yake. Lwakatare aliniletea kiti. Gulioni siku hizi wananunua bila kuniambia nitafune. Natafuna tu.