Mzee Rabson Akataa Kuacha Lindo

Mzee Rabson wa Ihanda alipigana Vita vya Kagera, na kama hujamsikia akisimulia, basi hujawahi kunywa naye hata kikombe kimoja cha chai. Huko vitani kikosi chake kilisonga mbele, yeye akaachwa alinde ghala la maharage, na wenzake wakamsahau! Maharage yenyewe hakuyagusa. Alikula mihogo ya kuombaomba mpaka lori liliporudi na askari mwingine akasema, "Nimepokea lindo." Ndipo akaketi chini.

Alipotoka jeshini akabeba magunia ya kahawa, akawa utingo, akaishia kulinda yadi ya malori Tunduma. Madereva wa Zambia walimwita bashikulu, yaani babu, na walipaki kwa filimbi yake tu. Semi ilimtii kuliko mbuzi wake mwenyewe.

Lakini goti likavimba. Na mkewe, Mama Gloria, alikuwa amechoka kulala peke yake na baridi ile ya Ihanda. Watoto wakazungumza na mwenye yadi, mzee akaagwa kwa soda na blanketi. Soda akainywa, blanketi akajifunika, akarudi getini.

"Mzee, si umestaafu?" mwenye yadi akashangaa.

"Nani kanipokea lindo?"

"Si huyu mlinzi mpya?"

Mzee akamtazama mlinzi mpya, aliyekuwa na kandambili miguuni na bisi mdomoni. "Huyo? Huyo hata kuku simkabidhi."

Siku zikapita, mzee yuko palepale. Asubuhi moja Mama Gloria akatokea mwenyewe, mwavuli mkononi.

"Simama! Nani?"

"Mkeo."

"Sogea, mkeo."

Akasogea mpaka puani pake, akagonga visigino, pa! Mwavuli begani kama bunduki. Madereva wakazima injini ili wasikie vizuri.

"Askari Rabson! Toa taarifa!"

Mgongo wa mzee ukanyooka wenyewe. "Lindo shwari, afande! Malori yote yapo. Lile jekundu linavuja oili."

"Nimepokea lindo."

Angeweza kubisha, maana kubisha ndiyo fani yake. Badala yake akavua filimbi taratibu, akamvika mkewe shingoni.

"Umejifunzia wapi hayo?"

"Unanisimulia tangu tuoane, Baba Gloria. Ulidhani nalala?" Kisha akamgeukia mlinzi mpya. "Na wewe, kavae viatu uje unipokee. Nina safari na mume wangu."

Wakaondoka, mzee akichechemea, mwavuli bado begani kwa afande. Hakugeuka nyuma. Haya, aligeuka, lakini ni kuliangalia tu lile jekundu.