Mzee Aliyepokea Simu Mwisenge

Vumbi likiungua ndani ya kompyuta ya zamani hutoa harufu kama ya nywele zilizopitishwa karibu na moto. Juzi niliisikia katika nyumba yangu ya Bweri, niliyoijenga kwa diploma yangu ya elektroniki na miaka kumi na miwili ya kazi Gaborone, bila kushikwa mkono na mtu. Taa, geti na pampu naviendesha kwa simu. Wageni hushangaa. Mimi niliyaona hayo nyumbani kwetu Mwisenge nikiwa darasa la tano.

Baba alikuwa fundi wa simu. Miaka ile mashirika ya umma yalipokuwa yakifa, ofisi moja ya pamba Bunda ilifungwa, naye akanunua kompyuta zao mbili. Ile mpya aliitumia kuchapa barua za watu. Ile kuukuu, yenye maandishi ya kijani, aliipa kazi ya simu tu.

"Huyu Mzee asichanganywe na kazi nyingine," alisema.

Tukitoka wote, Baba alipiga simu nyumbani kutoka Bunda, Mzee akaitika kwa mluzi, Baba akabonyeza namba tatu, pampu ya kisima ikajaza tangi. Sharti lilikuwa moja: mtu akiwapo nyumbani, waya wa simu uchomolewe kwa Mzee urudi kwenye simu yetu, maana ukiwa kwa Mzee kengele hailii.

Alhamisi moja ya likizo, Baba akiwa Bunda na Mama sokoni, niliwaita watoto wa mtaa waone.

"Bhoke, wewe unatudanganyaga," walisema.

Nikauchomeka waya kwa Mzee. Rafiki yangu Salma akapiga kutoka dukani kwa baba yake, Iringo, akabonyeza tatu. Pampu iliponguruma yenyewe, wote walikimbilia tangi kuona maji. Hata siku ya kupokea diploma sikutembea kifua mbele namna ile. Waya nikausahau.

Kesho yake asubuhi akafika mama mdogo kutoka Butiama, kanga kiunoni.

"Dada, jana alasiri nimepiga mara tatu pale posta. Simu yenu inapiga mluzi tu. Mama alikuwa anakuulizia. Kila mlango ukilia, anasema, Nyangeta amefika?"

Bibi alikuwa amefariki alfajiri. Gari la mwisho la Butiama lilipoondoka jana yake, Mama alikuwa nyumbani akichambua dagaa, hatua tano kutoka kwenye simu.

Baba alirudi kutoka Bunda mchana, akautazama waya, akanitazama.

"Ni mimi," alimwambia Mama. "Niliuacha kwa Mzee jana nikitoka."

Mama alichukua kanga yake. "Basi. Twendeni tukamzike."

Kwa miaka mingi niliamini Baba aliniokoa kwa uongo mzuri. Nilikuwa mtu mzima, mwenye mtoto wangu, nilipokumbuka kwamba Alhamisi ile saa sita, kabla ya kwenda sokoni, Mama alipokea simu kwa mkono wake mwenyewe. Aliyepiga alikuwa Baba, kutoka Bunda. Kwa hiyo Mama alijua, tangu Baba aliposema, kwamba waya niliuhamisha mimi. Na njia nzima ya kwenda Butiama alinilaza mapajani pake.