Mabuti ya Njano

Mama mkwe wangu anaosha mazulia ya watu uani kwetu. Kazi hiyo ndiyo iliyomsomesha mume wangu, na ukimkosea adabu utakumbushwa hadi masikio yakuume. Mtaa mzima unamwita Bibi Mazulia. Asubuhi anavaa mabuti yake ya mpira, ya njano, anakoroga sabuni, anasugua hadi jioni.

Mwaka huu bata wake aligongwa na gari, akaacha mayai sita. Mama akayaweka kwenye boksi chini ya balbu, pale mlangoni anapovulia mabuti. Yakaanguliwa yote. Tangu siku hiyo akienda bombani, vifaranga sita nyuma. Akienda kuanika, sita nyuma.

"Mmeona?" alitamba. "Hawa wananijua mama yao. Wengine nimewapa mwanangu mzima, na hata sokoni hawanisindikizi."

Kijembe hicho kilikuwa changu.

Alikuwa na sheria moja: "Ole wake atakayekanyaga wanangu!" Binti yangu wa miaka mitatu aliishika barabara. Vifaranga wakimzunguka miguuni anaganda, mikono juu, hadi aje mtu amwondoe. Nilikuwa nachukia kweli. Mtoto wa watu kutishwa kwa sababu ya bata!

Jumanne moja mama alivua mabuti akaingia ndani kula. Mimi nilikuwa nakamua zulia. Kugeuka, mtoto hayupo. Mabuti hayapo. Vifaranga hawapo.

Mama akatoka peku, akawapigia bata mluzi wake wa siku zote. Kimya. Akapiga tena, midomo ikamkauka.

"Hawajawahi kunikatalia," alisema. Nikaona anaogopa, na mama yule haogopi kitu. Lango la nyuma lilikuwa wazi, na nyuma ya lango jirani alikuwa amechimba shimo la choo, refu, limejaa maji ya mvua, halijafunikwa hata kwa ubao.

Tulikimbia.

Mtoto alikuwa amesimama ukingoni kabisa, ametugeuzia mgongo, mabuti yamemfika mapajani. Udongo ulikuwa ukimomonyoka mbele yake, punje kwa punje. Vifaranga wote sita walikuwa wamejibanza kwenye mabuti. Naye ameganda, mikono juu.

Nikafungua mdomo nipige yowe. Mama akauziba kwa kiganja kinachonuka sabuni.

"Atashtuka," alininong'oneza. Kisha akapaza sauti, ukali ule ule wa kila siku: "We! Usinikanyagie wanangu! Simama hapo hapo nakuja!"

"Sikanyagi, bibi," mtoto akajibu bila kugeuka.

Zilikuwa hatua kumi tu. Mungu wangu, zile hatua kumi! Mama alizitembea peku kwenye tope, na magoti yake mabovu, mimi nimeuma ngumi yangu. Akamdaka makwapani, akamvuta. Mtoto akachomoka, mabuti yakabaki.

Tukaanguka topeni wote watatu. Buti moja likateleza, likatumbukia shimoni. Vifaranga wote sita wakajitupa nyuma yake, wakawa wanaelea huko chini wakilizunguka na kulia. Hakuna hata mmoja aliyemtazama mama.

Mama alichungulia shimoni.

"Kumbe si mimi," alisema.

Nikamshika mkono, ule uliouziba mdomo wangu, nikaung'ang'ania.

"Kesho sokoni twende wote, mama," nilisema.