Shavu ya Papa

Leo mutoto wangu amegombana na mashine kubwa ya hospitali ya Lubumbashi, na mashine njo imeshindwa mara mbili.

Ngalula iko na ile alama nyekundu usoni tangu kuzaliwa, paji mpaka shavu ya kushoto. Kifafa pia kinamukamata. Daktari anaogopa misipa ya damu ya ubongo nayo haiko sawa, basi alitaka picha ya ndani ya kichwa.

Asubui tukatoka Likasi.

Fundi wa mashine akamuambia mutoto: "Mama mudogo, angalia juu. Usitikisike."

Mashine ikaanza kugonga. Mutoto akageuza kichwa. Picha ikaharibika.

Wakaanza upya. Akageuka tena, upande ule ule!

Miye nikakasirika: "Ngalula, uko na nini weye?"

Akanijibu polepole: "Papa alisema kwa picha nimuonyeshe hii shavu. Asinipoteze."

Jamani.

Baba yake alienda kutafuta kazi ya machimbo Kakanda. Kila dimanche, siku ya kanisa, alikuwa anatupigia video, na kwanza anaomba ile shavu: "Njo wangu huyu! Hata katikati ya watoto elfu nitamujua." Tangu mvua ianze, simu yake haipatikane.

Nikamuambia mutoto: "Hii mashine inaona pande zote." Akatulia kabisa. Picha ikatoka safi.

Tukitoka akauliza: "Papa ameiona?"

Sasa tuko njiani kurudi, amelala kwa magoti yangu.

Bandugu wa Kakanda, mukimuona baba yake, mumuambie tu: mutoto angali anageuka.